Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: malipo ya mhandisi wa miundo yafuate sahihi yake

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Makatibu Tawala wa Mikoa, Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zetu 15, na wakandarasi wenye kazi katika mikoa hii miwili.

Tunawasalimu kwa heshima.

Kusini inajengwa. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi iko kazini, bandari ya Mtwara ilishapata gati jipya la mita 300, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo inahudumia watu, na kila wilaya ina ghala la korosho au shule inayosubiri paa. Katika kila kazi ya namna hii kuna mtu aliyekokotoa unene wa nguzo, idadi ya nondo na kina cha msingi, akaweka sahihi. Huyo ndiye tunayemsemea. Malipo yake hayapandi pale wajibu wake unapopanda. Kwa sababu hiyo, wengi wakishapata muhuri wa kusaini wanaondoka Mtwara na Lindi, na saiti zinabaki na vijana ambao sheria bado haijawaruhusu kubeba dhamana hiyo peke yao.

Tuanze na ngazi zenyewe, kwa kuwa bajeti nyingi huandika neno "mhandisi" mara moja tu kana kwamba wote ni mtu mmoja. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili mwenye shahada kwanza kama mhandisi mhitimu. Huyu anafanya kazi chini ya uangalizi. Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP, ulioanza mwaka 2003, unampa miaka mitatu ya kujifunza kazini chini ya msimamizi ambaye mwenyewe amesajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Akikamilisha na kukubaliwa anakuwa mhandisi mtaalamu, anapata muhuri, na kuanzia siku hiyo jengo likianguka anaulizwa yeye. Baada ya uzoefu zaidi anaweza kusajiliwa kuwa mhandisi mshauri, yule anayeongoza usanifu na kukagua kazi za wenzake.

Tofauti kati ya mhitimu na mtaalamu haipimwi kwa miaka tu. Mhitimu akikosea hesabu, yupo wa kumsahihisha. Mtaalamu akikosea, hakuna mwingine kati ya kosa lake na watu watakaolala ndani ya jengo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36, na Novemba 2024 Kariakoo ikazika tena watu wake. Mtwara na Lindi ndiyo kwanza zinaanza kupanda ghorofa. Muda wa kujipanga bado upo.

Sasa tuangalie fedha, maana mshahara unaoandikwa kwenye barua ya ajira si ule unaofika mkononi. Tuchukue mhandisi mhitimu wa kampuni binafsi anayelipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 100,000. Kinachobaki, 900,000, ndicho kinachokatwa kodi ya mapato: 68,000 kwa sehemu inayoishia 760,000, na asilimia 25 ya 140,000 zilizozidi, ambayo ni 35,000. Jumla ya kodi ni 103,000. Mkopo unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Anabaki na 647,000. Humo alipe chumba, ale, anunue buti na kofia ngumu pale ambapo mwajiri hatoi, alipe ada yake ya mwaka ya ERB, na bando la kupakua michoro.

Mpandisheni sasa hadi 2,500,000, kiasi ambacho kwenye karatasi kinaonekana kikubwa. NSSF 250,000. Kodi inahesabiwa juu ya 2,250,000: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya 1,250,000, ambayo ni 375,000, jumla 503,000. Mkopo kama haujaisha, 375,000. Mkononi inafika 1,372,000. Mwajiri anayemwongezea mhandisi 200,000 baada ya kupata usajili wa utaalamu aelewe kwamba katika kiwango hiki, baada ya NSSF, kodi na mkopo, nyongeza hiyo inamfikia mhusika ikiwa 96,000. Kwa 96,000 amebebeshwa dhamana ya kisheria ya maisha ya watu.

Upande wa serikali picha ni nyingine. Mhandisi anaingia Daraja la II, kwa kawaida ngazi ya mshahara ya TGS E, kisha Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu Daraja la II na Mkuu Daraja la I. Ngazi zimepangwa vizuri na pensheni ipo. Shida iko katikati: kupanda daraja kunasubiri ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, kibali na bajeti. Mwaka anaopata muhuri na mwaka anaopanda daraja havikutani, na katikati hapo anasaini michoro ya mamilioni kwa mshahara wa mtu anayejifunza. Tunajua mkurugenzi wa halmashauri hana mamlaka ya kubadili viwango vya mishahara; hilo ni la Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Lakini yapo mengi yaliyo mikononi mwenu, na tutayafikia.

Katika miradi hali ni ngumu zaidi, na ndiko wahandisi wengi wa miundo wa umri wa kati waliko. Mkataba unasema 1,500,000 kwa mwezi. Mradi unadumu miezi minane, kisha inakuja miezi minne ya kusubiri mwingine. Hesabu ya mwaka ni milioni 12, yaani milioni moja kwa mwezi, sawa na yule mhitimu tuliyeanza naye. Lipo na jingine ambalo wengi hugundua wakiwa na miaka hamsini na kitu: pensheni ya kila mwezi ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180. Anayechangia mwaka mzima anaifikisha kwa miaka 15. Anayechangia miezi minane kwa mwaka anahitaji miaka 22 na nusu. Na huyo ni yule ambaye mwajiri wake anapeleka michango kweli. Wapo wanaokatwa kila mwezi, na siku ya kuomba taarifa wanakuta miezi mitupu.

Mhandisi mshauri mwenye ofisi yake ndogo mjini Mtwara au Lindi anaonekana ndiye mwenye nafuu. Wateja wake binafsi wanajenga kwa fedha za korosho. Minada ikianza, vyama vya ushirika vya MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao vikilipa wakulima, simu zinaita. Ikifika masika, kimya. Kwa hiyo kazi ya kubuni ya mwaka mzima inabanwa kwenye miezi michache, na hapo ndipo watu wanaruka upimaji wa udongo kwa sababu mteja anataka kuchimba msingi Jumatatu. Kazi za taasisi nazo zina mtego wake wa kodi. Mtoa huduma ya kitaalamu anapaswa kusajiliwa VAT hata kama mauzo yake ni madogo. Akitoa ankara ya milioni 10, anaongeza VAT ya 1,800,000, na kodi hiyo inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Taasisi isipolipa kwa miezi sita, yeye ameshailipa serikali kwa fedha ya mfukoni mwake. Ikilipa, inamkata zuio la asilimia 5, shilingi 500,000. Ofisi ya watu watatu haivumilii ankara mbili za namna hiyo kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mhandisi mshauri anapofunga ofisi na kuhamia Dar es Salaam au Dodoma.

Mnaweza kuuliza haya yanamhusu vipi mwananchi wa Nanyamba au Ruangwa. Yanamhusu kupitia nondo.

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.66 hivi. Ikiwa kiwandani imevutwa nyembamba hadi milimita 11, uzito unashuka hadi kilo 9 kasoro kidogo. Kwa macho huioni tofauti hiyo, na kwa mkono ni shida kuihisi. Lakini nguvu ya nondo inafuata eneo la duara lake: 121 gawanya kwa 144, sawa na asilimia 84. Asilimia 16 ya chuma imetoweka, na kwenye mhimili uliopangiwa nondo sita, ni karibu nondo moja nzima ambayo haipo. Anayegundua ni yule anayechukua mizani, akapima nondo tano kutoka kwenye mzigo kabla haujashushwa wote, akaandika, na akasema mzigo urudi. Kusema mzigo urudi kunahitaji mtu ambaye kesho hatamhitaji mkandarasi amwekee mafuta kwenye pikipiki.

Hili la mafuta tunalisema wazi kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kimya kimya. Msimamizi asiyekuwa na usafiri wake anapanda gari la mkandarasi. Asiyelipwa posho kwa wakati anakula chakula cha kambi ya mkandarasi na kulala kwenye chumba kilicholipiwa na mkandarasi. Hakuna aliyetoa rushwa, wala hakuna aliyepokea. Lakini siku slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi, inapopita kiwango, sauti ya kukataa zege inakuwa dhaifu. Wasukuma toroli wanataka zege jepesi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa lita 25 za maji unatoa uwiano wa 0.5, mkiongeza lita 10 umekuwa 0.7, na nguvu ya zege imeshuka karibu theluthi. Lita 10 ni nusu ya ndoo ya kawaida. Hakuna anayeuona upungufu huo mpaka kyubu, yaani vipande vya zege vya majaribio, zivunjwe maabara siku ya 28, na wakati huo ghorofa ya juu imeshaanza kujengwa.

Pwani ina adui wa ziada, chumvi. Kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa Masoko, upepo unabeba chumvi, visima vingi vina maji ya magadi au chumvi, na mchanga wa ufukweni uko karibu na ni rahisi kuuchota. Kinga ya nondo ni kava, ule unene wa zege kati ya nondo na hewa. Jengo la bara linaweza kuvumilia milimita 25. Linalokaa kwenye upepo wa bahari linahitaji 40 hadi 50. Chumvi inapenya zege polepole, na muda wa kuifikia nondo unafuata mraba wa unene: kava ikipunguzwa nusu, muda hauwi nusu, unakuwa robo. Jengo lililotegemewa kukaa miaka 40 kabla ya kutu linaanza kutu mwaka wa 10. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, zege linapasuka kwa urefu wa nondo, kisha linadondoka vipande vipande. Yote hayo yanazuiwa na vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyofungwa chini ya nondo, kimoja kila nusu mita hadi mita moja, na mtu anayepita na rula kabla ya kumwaga. Ni kazi ya saa moja au mbili, lakini mtu huyo lazima awepo.

Kwenye ujenzi wa fosi akaunti, ambako kamati inanunua vifaa na fundi wa kijiji anajenga, mtu huyo mara nyingi hayupo. Mhandisi mmoja wa halmashauri ana madarasa, zahanati na nyumba za walimu katika kata nyingi, gari moja la kugombania na idara nyingine, na barabara ambazo masika yakikolea, hasa kwenda Liwale, hazipitiki kirahisi. Kwa darasa la kawaida la chini utaratibu huo unavumilika. Kwa jengo la ghorofa hauvumiliki, na tunaomba usitumike bila mhandisi mtaalamu kupewa siku zake za kufika na kulipwa siku hizo.

Siku hizo zinajulikana. Mashimo ya msingi yakiwa wazi, kabla ya zege la kusafishia, ili aone udongo kwa macho na si kwenye ripoti tu. Mbuga nyeusi inayovimba na mchanga mwekundu wa nyanda za Makonde haviwekewi msingi wa aina moja. Nondo za msingi. Nguzo za kila ghorofa, hasa ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nguzo, karibu na viungo, ambako mafundi hupenda kuachanisha. Nondo za mihimili na slabu, siku moja kabla ya kumwaga, si asubuhi ile mashine ikiwa inanguruma. Siku ya kumwaga yenyewe. Siku ya kuondoa mirunda, ambayo haifuati kalenda ya fundi bali matokeo ya kyubu, na kwa slabu nyingi si chini ya siku 14 hadi 21. Kwa jengo la ghorofa moja juu, ni ziara nane hadi kumi.

Slabu ya mita 20 kwa 12 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 36 za zege, mifuko 250 hivi ya saruji na uzito wa tani zaidi ya 85. Ikimwagwa vibaya haitengenezwi. Inavunjwa. Linganisheni gharama hiyo na ziara moja.

Baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam kuja kusini katika eneo la Kilwa, na mikoa yetu ikakatiwa njia yake ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam. Kukagua daraja lililopitiwa na mafuriko, kujua kama maji yamekula udongo chini ya miguu yake na kuamua lori la tani 30 lipite au lisipite, si kazi ya mwaka wa kwanza. Anayeweza kuamua hivyo usiku uleule lazima awe anaishi huku.

Maombi yetu ni haya.

Makatibu Tawala, pelekeni Utumishi ombi la pamoja la mikoa miwili la wahandisi wa miundo wanne wenye usajili wa utaalamu, wawili kila mkoa, wakae kwenye sekretarieti na kuhudumia halmashauri zote. Tumepiga hesabu kwa mshahara wa 3,500,000: kwa watu wanne ni milioni 168 kwa mwaka, ukiongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 15 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakuwa 193,200,000. Ikigawanywa kwa halmashauri 15 ni 12,880,000 kila moja kwa mwaka. Si fedha ya kuishinda halmashauri yenye ushuru wa korosho.

Wakurugenzi, kila makadirio ya jengo la ghorofa yawe na mstari wake wa usimamizi wa miundo, wenye ziara, vipimo vya udongo, kyubu na usafiri, na mstari huo usihamishwe kununua mabati fedha zikipungua. Usafiri na malazi ya msimamizi yatoke kwenu moja kwa moja, yasipitie kwa mkandarasi. Ankara ya mhandisi mshauri ikishathibitishwa, ilipwe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mkishindwa kuilipa yote, lipeni walau sehemu ya VAT.

Wakandarasi, wekeni ngazi za malipo kwenye mikataba yenu na mzifuate. Pendekezo letu la uwiano ni hili: mhitimu akilipwa 1, mtaalamu katika miaka yake ya kwanza alipwe 1.8, mtaalamu anayeongoza saiti zaidi ya moja 2.5, na anayesimamia usanifu wote 3.5. Nyongeza ya mtaalamu ianze mwezi uleule anapopata usajili. Mhitimu aliyeko SEAP apewe msimamizi mwenye muhuri ambaye anafika saiti kweli. Michango ya NSSF ipelekwe kila mwezi, na mhandisi apewe uthibitisho wake bila kuuomba.

Wakuu wa Mikoa, tunaomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kabla mapendekezo ya bajeti hayajafungwa. Tuko tayari kuja na michoro ya mfano, orodha ya ukaguzi kwa kila hatua na jedwali la malipo lenye hesabu zake zote, ili wahasibu wenu walipitie mstari kwa mstari.

Wenu,
Wahandisi wa miundo tunaofanya kazi Mtwara na Lindi